Tangi Lililosafishwa Mno

Kuna watu ambao wakiona rafu tupu wanaona mahali pa kuweka kitu. Kuna wengine wakiona rafu tupu wanashusha pumzi, kwa sababu hapo angalau hapahitaji kufutwa vumbi. Bi Nadhifu alikuwa wa hao wa pili. Mdogo wake, aliyeishi naye miaka kumi na tisa katika nyumba ya vyumba vitatu ghorofa ya pili, alikuwa wa hao wa kwanza.

Jina la Nadhifu hakupewa na wazazi, alipewa kazini. Alikuwa karani wa masijala katika hospitali kubwa, na meza yake ilikuwa na vitu vitatu tu: kalamu, muhuri, na faili lililokuwa likishughulikiwa dakika hiyo. Faili la pili lilingoja chini, kwenye kikapu. Madaktari waliokuja kutafuta rekodi walikuwa wakitaniana kwamba ukiacha kikombe cha chai pale mezani na kugeuka kupiga chafya, ukirudi utakikuta kimeoshwa, kimekaushwa na kurudishwa kabatini kikiwa na namba. Yeye alisikia utani huo na hakuuchukia. Alikuwa na miaka hamsini na moja, hakuolewa, na alijua kila faili lilipo bila kufungua daftari.

Mdogo wake alifundisha darasa la tatu. Kila alichopewa na watoto alikileta nyumbani: michoro, mawe, vibuyu, ndege wa karatasi. Alitunza kalenda za miaka iliyopita kwa sababu ya picha. Kulikuwa na mito kumi na mmoja kwenye makochi mawili, na mgeni akitaka kukaa ilibidi kwanza ahamishe mito, kisha atafute pa kuiweka. Bi Nadhifu alipojaribu kupunguza, mdogo wake alikuwa akisema, "Dada, ukiiacha nyumba hivyo wageni watadhani tunahama." Naye alikuwa akijibu, "Na ukiiacha hivi watadhani tumehamia jana." Walisema maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba mwishowe hayakuwa ugomvi tena, yalikuwa kama salamu.

Kitu kilichojaa kuliko vyote nyumbani mle kilikuwa tangi la samaki. Lilikuwa tangi la kioo lenye urefu wa ubao wa kupigia pasi, limewekwa sebuleni kati ya dirisha na kabati, likitazamana na kiti cha Bi Nadhifu. Ndani yake mlikuwa na mimea ya kila namna: mirefu kama nyuzi, mipana kama ulimi wa ng'ombe, mingine ikielea juu na kuziba taa. Katikati ulilala mzizi mkubwa wa mti, mweusi, wenye matawi. Kando yake palikuwa na vyungu vidogo, mawe, kombe za pwani, ngome ya plastiki, na mzamiaji wa plastiki aliyetoa mapovu mdomoni. Wageni walikuwa wakiuliza kama humo mna samaki. Mdogo wake alisema, "Subiri," na kweli ukisubiri ungeona kitu cha buluu kikipita kati ya majani, mara kimepotea. Walikuwa ishirini na wawili wa namna hiyo, wadogo kama njiti ya kiberiti, wenye mstari wa buluu ubavuni. Kulikuwa pia na kambale watano wadogo waliofagia chini, na samaki mmoja bapa, mpana kama kiganja, mwenye milia. Huyo wa milia, mdogo wake alimwita Bi Mkubwa. "Anakaa kona moja anatukagua wote," alieleza, na hakuhitaji kueleza zaidi. Bi Nadhifu aliliita tangi lile jaa la maji, lakini jioni akirudi kazini alikaa kwenye kiti chake akalitazama mpaka chakula kilipoiva.

Kisha mdogo wake akaugua mapafu. Ilianza kama kikohozi cha kawaida cha mwalimu, cha chaki na kupiga kelele. Siku ya nne akalazwa, siku ya tisa akafariki. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Bi Nadhifu alifanya yote yaliyotakiwa kufanywa. Alisaini karatasi, alichagua nguo, aliwapigia simu ndugu, alihesabu viti. Watu walimshika mikono na kumwambia pole, naye aliwashukuru mmoja mmoja, lakini sauti zao zilimfikia kama redio ya jirani inayosikika kupitia ukutani: unajua kuna mtu anaongea, na hujishughulishi kujua anasema nini. Wifi yake, mke wa kaka yao, alilia mpaka akapotewa na sauti. Bi Nadhifu alimpelekea maji ya kunywa, na aliporudisha bilauri jikoni aliiosha.

Alirudi kazini siku ya tano baada ya mazishi. Siku ya sita faili la mdogo wake lilishushwa kutoka wodini, ndani ya rundo la mafaili mengine. Utaratibu ulikuwa mmoja kwa wote. Mgonjwa akifariki, faili linapigwa muhuri, linafungwa kwa uzi, linahamishwa kutoka rafu za mbele kwenda chumba cha nyuma. Mwenzake wa meza ya pili aliliona jina, akanyoosha mkono, akasema kwa upole kwamba hilo angelishughulikia yeye. Bi Nadhifu alisema hapana, limekuja kwenye meza yake. Aligonga muhuri, akafunga uzi, akalipeleka nyuma na kuliweka mahali pake. Alisimama pale kidogo, akijisikiliza, kama mtu aliyebonyeza swichi na kungoja taa. Hakuna kilichowaka. Akarudi mezani na kuchukua faili lililofuata.

Mwisho wa juma ule alisafisha nyumba. Ilimchukua siku mbili. Michoro ya watoto alimpelekea mwalimu mkuu shuleni, pamoja na kalenda na vitabu. Mito alimpa wifi. Nguo zilikwenda zilikokwenda. Jumapili saa nane mchana makochi yalikuwa makochi, rafu zilikuwa rafu, na kilichobaki kimejaa kilikuwa tangi peke yake.

Hakutaka kuwaua wala kuwagawa samaki. Aliwatoa kwa chujio la chai akawaweka kwenye ndoo, wote ishirini na wanane. Mimea aliing'oa kwa mikono akaitia kwenye beseni, akalipandisha kwa fundi cherehani aliyeishi ghorofa ya juu, kwa sababu alikuwa na kibaraza na alipenda maua. Mzizi mweusi ulipelekwa shuleni kwenye toroli. Ngome, mzamiaji, vyungu na kombe alivichukua wifi alipokuja kumletea chakula. Changarawe aliichemsha kwenye sufuria kubwa, sufuria baada ya sufuria, mpaka ikang'aa. Sifongo la kichujio, lililokuwa limejaa uchafu wa kahawia, alilikamua na kulisugua chini ya bomba. Kioo alikisugua ndani na nje. Kisha akajaza maji mapya, akawasha taa, akawarudisha samaki.

Kwa mara ya kwanza aliwaona wote kwa pamoja. Hapakuwa na kitu cha kuwaficha. Alikaa kwenye kiti chake akatazama, na alichokiona kilikuwa kioo safi sana chenye samaki ndani.

Kesho yake wale wadogo walikuwa wamejibana wote nyuma ya bomba la kichujio, wamerundikana kama watu waliokimbilia kwenye kibaraza cha duka mvua ilipowashtukiza. Mstari wao wa buluu ulikuwa umefifia. Kambale hawakufagia, walilala. Bi Mkubwa alisimama kwenye kona kichwa chini, na kila mtu alipopita sebuleni samaki huyo alijigonga kwenye kioo kwa hofu. Chakula kilielea juu, kikalowa, kikazama, kikaoza. Siku ya tatu maji yalikuwa na ukungu kama ya kuoshea mchele. Siku ya nne alikuta wawili wamekufa, siku ya tano watatu, siku ya saba mmoja. Aliwatoa kwa chujio lile lile la chai. Kila asubuhi alisimama mbele ya tangi akiwa amekwisha kuvaa nguo za kazini, akawahesabu, na hakuhisi huruma wala hasira. Alijua tu kwamba kuna kitu amekosea, na Bi Nadhifu hakuwa mtu wa kuliacha kosa alilolijua.

Kwenye droo ya jikoni, ambayo hakuwa ameimaliza, alikuta mfuko wa karatasi wa duka la samaki wa mapambo, wenye ramani ndogo. Jumamosi akaenda.

Lilikuwa duka jembamba, refu kama korido, tangi juu ya tangi pande zote mbili, na sauti ya maji isiyokoma. Mwenyewe alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye zamani alikuwa dereva wa malori, na ambaye kila mtu alimwita Babu Pampu kwa sababu hakuna pampu iliyomshinda kutengeneza. Bi Nadhifu alianza kueleza habari za maji yenye ukungu, na kabla hajafika mbali yule mzee alimtazama, akatabasamu, akasema, "Wewe ndiye Dada. Mwalimu hajambo? Siku nyingi hajapita."

Alimwambia. Bi Nadhifu alimwambia kwa maneno yale yale aliyowaambia watu wote: mapafu, siku tisa, wiki mbili zilizopita. Babu Pampu alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Alivua kofia, akachukua kitambaa cha kufutia vioo kilichokuwa begani, akajifuta uso, na hakukiondoa usoni kwa muda. Bi Nadhifu alingoja, mkoba mkononi, macho yake kwenye tangi la kasa wawili. Alitamani kumpa mzee yule kitu lakini hakujua ni kitu gani. Alisema, "Pole," na ikawa yeye ndiye anayetoa pole.

Mzee alipopata sauti aliuliza alichofanya kwenye tangi, naye akaeleza yote kwa mpangilio, pamoja na sufuria. Babu Pampu hakumkaripia. Alimweleza kwamba ule uchafu wa kahawia kwenye sifongo na kwenye changarawe ndio uliokuwa ukiyasafisha maji. Ulikuwa na vijidudu vinavyokula sumu ya kinyesi cha samaki, na kuvipata huchukua wiki nyingi. Bi Nadhifu alikuwa amevichemsha na kuvisugua vyote kwa siku moja. Akampa sifongo la zamani kutoka kwenye kichujio chake mwenyewe, chafu, likidondoka maji ya rangi ya chai, amelifunga kwenye mfuko, na akamwonya asilioshe.

"Na mimea?" Bi Nadhifu aliuliza. "Niliitoa ili waonekane."

"Sasa unawaona?"

"Wamejificha nyuma ya bomba."

"Ndivyo walivyo," alisema Babu Pampu. "Wakiwa na pa kukimbilia, wanatoka wanacheza. Ukiwanyima, wanashinda wamejibana kona moja. Usidhani wanaringa. Wanaogopa tu."

Bi Nadhifu alitoa kalamu na karatasi. Alisema basi atarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, na akaomba aambiwe mimea mingapi na mawe mangapi. Hapo mzee alisita. Alisema kila kitu hapana. Tangi la Mwalimu lilikuwa limezidi. Majani ya juu yalizuia mwanga, ya chini yalikuwa yakioza, na kila mmea ukioza unachafua maji kuliko samaki watano. Halafu alisema jambo ambalo Bi Nadhifu hakulitarajia.

"Yeye mwenyewe alikuja hapa mwezi mmoja kabla hajaugua. Aliniuliza apunguze vipi bila kuwashtua. Alitaka kufungua nafasi mbele, katikati, pana. Alisema, 'Dada yangu anakaa kwenye kiti kile kila jioni, anatazama majani tu.'"

"Sikuwahi kumwambia hivyo."

"Hukumwambia. Alikuona."

Bi Nadhifu aliandika kwenye karatasi: nafasi mbele, katikati. Kisha akauliza nafasi hiyo iwe na upana gani. Mzee alimkadiria kwa viganja vyake: theluthi moja ya tangi iachwe wazi kwa kuogelea, changarawe tupu au majani mafupi kama kapeti. Mimea mirefu ikae nyuma na pembeni. Pawe na kitu kimoja kikubwa, gogo au jiwe, na kisikae katikati kabisa. Kombe za pwani hazifai, zinabadilisha maji. Chochote chenye ncha hakifai, kitachana mapezi ya yule mpana. Na asifanye yote siku moja.

Kazi ya kwanza ikawa kuomba vitu alivyokwisha kuvigawa. Hii kwake ilikuwa aibu ambayo hata ganzi ya msiba haikuizuia. Mtu aliyetumia maisha yake kuhakikisha kitu kikitoka kimetoka, sasa alipanda ngazi kwenda kuomba beseni.

Fundi cherehani alimfungulia akiwa na pini mdomoni. Bi Nadhifu alieleza shida yake kwa sentensi mbili. Yule mama alitema pini kwenye kiganja, akampeleka kibarazani. Mimea ilikuwa pale ndani ya beseni, kivulini, maji yamebadilishwa. Mirefu kama nyuzi ilikuwa imeoza na kuyeyuka, na fundi alikuwa ameiondoa. Mipana ilikuwa hai, na mmoja ulikuwa umetoa majani mapya matatu, mekundu kidogo. Fundi alisema hakujua mimea ya majini hutunzwaje, ila aliona haya kuiacha ife, kwa kuwa Mwalimu alikuwa akimsalimia kila asubuhi kwa jina. Bi Nadhifu alijaribu kukumbuka kama yeye mwenyewe alilijua jina la fundi. Hakulijua. Waliishi jengo moja miaka kumi na tisa. Alichagua mimea minane, akamwachia mingine yote pamoja na beseni.

Jumatatu baada ya kazi alipita shuleni kuuliza habari za mzizi mweusi. Mwalimu mkuu, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, alimpeleka darasa la tatu. Watoto walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani. Mzizi ulikuwa umewekwa juu ya kabati, na kwenye kila tawi zilining'inizwa karatasi zilizokatwa umbo la samaki, kila moja na maneno ya mtoto. Bi Nadhifu alisoma chache. Moja iliandikwa, "Mwalimu alinifundisha kufunga kamba za viatu." Nyingine iliandikwa, "Mwalimu alisema nitajua kusoma na nimejua." Mwalimu mkuu alisema kama anauhitaji, atauteremsha kesho mapema. Bi Nadhifu alijibu kwamba amekuja kuutazama tu. Alipotoka nje aligundua kwamba kwa mara ya kwanza katika siku nyingi amesema uongo, na kwamba haukumsumbua.

Wifi hakuhitaji kuombwa mara mbili. Jumamosi iliyofuata alifika na kikapu, akapanga vyote kwenye meza ya sebuleni: ngome, mzamiaji, vyungu vitano, kombe. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, muuza vitambaa, aliyeweza kuzungumza na vitambaa vyenyewe kama hakuna mteja. Alifurahi mno. Alisema ndivyo inavyotakiwa, turudishe kila kitu pale pale alipokiacha marehemu, hata mzamiaji atazame upande ule ule. Alikuwa na picha kwenye simu kwa ajili hiyo.

Bi Nadhifu, ambaye tayari alikuwa ameloweka mizizi ya mimea na kulaza kwenye changarawe gogo dogo alilopewa na Babu Pampu, alisema ngome haitaingia. Wala mzamiaji. Wala kombe. Chungu kimoja kitaingia, kilazwe ubavu, kwa ajili ya kambale.

Wifi aliinua ngome, akaigeuza mkononi. Kisha akasema polepole, "Uliondoa kila kitu chake kwa siku mbili. Sasa hata hiki kidogo."

"Yeye mwenyewe alitaka kupunguza," Bi Nadhifu alisema, na akamweleza maneno ya Babu Pampu.

Wifi alisikiliza, lakini hilo halikuwa lililomkaa moyoni. "Hujalia," alisema. "Tangu siku ile. Nimekutazama. Hata mara moja."

"Najua."

"Kwa nini?"

Bi Nadhifu alikuwa na mkono mmoja ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko. Alifikiri, kwa kuwa swali lilikuwa la kweli na lilistahili jibu. "Sijui, wifi. Nasubiri, kama wewe unavyosubiri. Nikijua nitakwambia."

Wifi aliirudisha ngome kikapuni. Kisha akazima simu yenye picha, akaitia mkobani, akakunja mikono ya gauni lake. Akauliza ashike nini.

Walifanya kazi mpaka mchana ukaisha. Haikuwa rahisi kama ilivyoonekana kwenye karatasi. Mmea mpana uliwekwa kushoto, ukaonekana kama mgeni aliyekaa kiti cha mwenye nyumba, ukahamishiwa nyuma. Gogo liligeuzwa mara nne. Kila Bi Nadhifu alipopanda mmea wa tatu upande mmoja, mkono wake ulitaka kuung'oa, na kila alipoung'oa wifi alikuwa akiguna. Mimea minane ilikuwa mingi kwa mmoja na haba kwa mwingine. Wifi alitaka kuijaza ile nafasi ya mbele kwa angalau jiwe moja zuri. Bi Nadhifu alikaa kwenye kiti chake akatazama kutoka pale, akasema hapana, hapo pabaki. Lakini nyuma alimruhusu kuongeza mmea wa tisa, ambao walipanda kwa fundi kuuchukua pamoja. Wifi akamuuliza fundi jina lake pale pale mlangoni, kama jambo rahisi, na Bi Nadhifu akalishika.

Siku mbili za kwanza hapakuwa na mabadiliko. Siku ya tatu ukungu ulianza kupungua. Siku ya nne, alipokuwa akitafuta viatu, aliona kambale wawili wakifagia changarawe kwa bidii kama wafanyakazi waliochelewa. Siku ya sita wale wadogo walitoka nyuma ya majani. Walikuwa kumi na sita. Walikuja kundi moja mpaka kwenye nafasi wazi ya mbele, wakasimama, kitu fulani kikawashtua, wakakimbilia majanini wote kwa pamoja, kisha baada ya dakika wakarudi. Mstari wa buluu ulikuwa umerejea. Bi Mkubwa alipita nyuma yao polepole, akaingia chini ya gogo, akageuka, akatoa kichwa.

Bi Nadhifu aliwatazama kutoka kwenye kiti. Aliona kwamba ni wazuri. Aliliona hilo jinsi mtu anavyoona kwamba nje kuna jua akiwa yuko ndani, bila joto lake kumfikia. Siku za nyuma hata hilo hakuliona. Alichelewa kazini dakika tano.

Mimea ilikua. Hilo hakuwa amelifikiria: kwamba kiasi ukikichagua leo, baada ya mwezi hakipo tena, unapaswa kuchagua upya. Majani yalifika juu na kuanza kujikunja kuelekea taa, na ule mmea wenye majani mekundu ulituma watoto wawili kwenye changarawe ya mbele. Wifi akawa anakuja kila Jumamosi ya pili na mkasi wake wa vitambaa, mpaka alipokatazwa na kununuliwa mwingine. Walibishana kila mara. Bi Nadhifu alitaka kukata zaidi, wifi alitaka kuacha zaidi, na kilichobaki majini kilikuwa kile ambacho wote wawili wamechoka kukibishania. Vipande vilivyokatwa vilipandishwa juu kwa fundi kwenye chupa ya jamu. Hatimaye fundi alinunua bakuli la kioo, na Babu Pampu akamfungia konokono wawili bure.

Katika Jumamosi moja ya namna hiyo, miezi mitano baada ya msiba, wifi alikuwa akikusanya majani yaliyokatwa na Bi Nadhifu akitayarisha mpira wa kutolea maji. Wifi aliuliza bila kumtazama kama bado anasubiri, au kuna chochote.

Bi Nadhifu alielewa anachoulizwa. Alisema wiki ile, kazini, mtu mmoja alikuja kuomba faili la mama yake, na alipokuwa akilitafuta alijikuta amekaa chini kwenye ngazi ya rafu, na hakujua amekaa kwa muda gani. Hakulia. Yule mtu alimsubiri, hakumharakisha.

"Basi ndiyo inaanza," alisema wifi.

"Huenda."

"Unataka nibaki leo?"

Bi Nadhifu alitazama nyumba yake, makochi mawili bila mto hata mmoja, na akasema ikiwa atakuwa akibaki basi kesho alete mito miwili, kwa kuwa kochi lile linaumiza shingo. Wifi alisema ataleta minne. Walikubaliana mitatu. Kisha Bi Nadhifu akatia ncha ya mpira ndani ya tangi, akampa wifi ncha nyingine aishikilie juu ya ndoo, akamwambia asiiachie mpaka amwambie.